Mzee Afuatwe Ndani, au Atoke Nje?

Ngamiani, mjini Tanga, barabara zina namba. Ukimuuliza mtu anakaa wapi atakujibu "barabara ya kumi na mbili", na anayeujua mji anajua hapohapo ashike njia ipi. Nchi ni tambarare, baiskeli ni nyingi, na nyumba za zamani zilijengwa na baraza mbele. Mgeni anaweza kuapa kwamba mzee wa mji huu hawezi kukosa wa kuzungumza naye: afungue mlango, akae, watu watapita.

Lakini pita leo baada ya alasiri uhesabu. Baraza kadhaa zimezungushiwa ukuta na geti. Nyingine zimegeuzwa fremu. Palipokuwa pa bao pana kibanda cha kuweka na kutoa pesa. Wazee waliokuwa wakikaa pale hawajafa wote. Wengine wamo ndani, hatua chache nyuma ya ukuta, na redio.

Ndipo tukaitana watu watano, nami mwendeshaji wa sita, mbele ya nyumba moja ambayo baraza yake bado ipo. Mada niliiandika kwenye karatasi, nikaisoma kwa sauti: ili mzee asibaki mpweke, afuatwe ndani alipo, au asaidiwe atoke nje? Kahawa ilikuwapo, na kashata.

Majina nimeyaacha, kila mmoja namwita kwa shughuli yake. Babu wa Bandari ana miaka 78. Alikuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu akiwa na 60. Binti wa Dodoma ni mwanawe wa kumzaa, mtumishi wa serikali aliyekuja likizo. Bibi wa Kikoba ana miaka 74. Muuguzi anafanya kazi zahanati, asili yake Shinyanga. Dereva wa Bajaji ana miaka 26, na alikubali kukaa kwa sharti moja: akipata abiria, anaondoka.

Shikamoo zikapita, marahaba zikaitikiwa, nikamwachia Binti aanze.

Duru ya kwanza: simu ya saa moja usiku

BINTI WA DODOMA: Mimi nasema afuatwe alipo, na nalisema mbele ya baba yangu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sisi watumishi tuliyafuata mafaili. Sikuchagua kumwacha. Baba ana magoti mabovu, na jicho moja lilishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mnataka atoke aende wapi? Bodaboda zinapita kama mishale, mitaro iko wazi. Nimemwekea msichana wa kumsaidia, nimemnunulia simu ya kupangusa, kila siku saa moja usiku nampigia tunaonana uso kwa uso. Pesa ya dawa haijawahi kuchelewa. Mtu akisema mzee wangu mpweke, ananiambia mimi ni mtoto mbaya, na hilo silikubali.

BABU WA BANDARI: Hakuna aliyesema u mtoto mbaya, mwanangu. Radhi yangu unayo. Ila umenitaja, niache nijibu. Saa moja simu inalia. "Baba, shikamoo. Umekula? Umekunywa dawa? Miguu inaendeleaje?" Nimekula. Nimekunywa. Inauma. "Haya baba, usiku mwema." Mwanangu, hata huyu dada wa zahanati akijaza kadi yangu huniuliza hayohayo.

MUUGUZI: Babu, usinitie humo mimi.

BINTI WA DODOMA: Sasa nikuulize nini, baba?

BABU WA BANDARI: Tutafika huko. Waache wenzako nao waseme.

DEREVA WA BAJAJI: Mimi niseme ninachokiona barabarani. Kuna bibi mmoja, nikiitaja barabara yake mtamjua, kwa hiyo siitaji. Mara mbili kwa wiki ananipigia nimpeleke soko la Mgandini. Ananunua nyanya tatu na limau moja. Genge liko nyumba ya tatu kutoka kwake, na nyanya ni zilezile. Njiani ananisimulia kila nyumba tunayoipita: hapa alikaa fulani, hapa palikuwa na mkunazi. Siku moja nikamwambia, "Bibi, okoa nauli, hizo nyanya nitakuletea mimi mpaka mlangoni." Akanyamaza mpaka tukafika. Nikajua nimeharibu.

MUUGUZI: Huyo namjua hata kama hukumtaja, maana wako wengi. Kwangu wanakuja kupima presha. Namwambia, "Bibi, tulipima Jumatatu, iko vizuri." Ananijibu, "Pima tena, huenda imepanda." Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu mzee kuanzia miaka 60, na katika vituo vya serikali tumewawekea wazee dirisha lao wasikae foleni. Ni jambo jema, silipingi. Lakini wapo nikiwaita wanasema, "Mhudumie huyu kwanza, mimi sina haraka." Tunawakimbiza kutoka kwenye benchi, kumbe benchi ndilo walilolifuata.

MWENDESHAJI: Na hili ni jambo la afya, au ni hisia tu?

MUUGUZI: Ni afya kabisa. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na uhusiano mzuri na wenzao walionekana kuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa kwa asilimia 50 kuliko waliotengana na watu. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ikasema mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Hao si wazee peke yao, vijana wamo. Lakini kijana akikosana na kijiwe hiki anahamia kingine. Mzee anahamia wapi?

Duru ya pili: wanaotoka wanarudishwa na nini

BIBI WA KIKOBA: Mimi nasema atoke. Mwanamke wa hapa hakuwa akikaa peke yake mpaka aletewe mtu wa kumliwaza. Shughuli ndiyo iliyokuwa ikimtoa. Ikiwa kuna harusi, siku tatu kabla tumeshakaa uani tunachambua mchele. Ule mchele haukuwa na mawe hivyo. Tulikuwa tukichambua maneno. Mmoja anajua nani anaumwa, mwingine anajua nani kaachika. Ukirudi nyumbani una habari za mtaa mzima. Leo harusi iko ukumbini na mpishi ni wa kukodi. Mimi nakaa kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa, muziki unapiga, mwenzangu namwona mdomo unacheza, simsikii. Saa nne narudishwa nyumbani, nimekula biriani na sikuzungumza na mtu.

MWENDESHAJI: Lakini bibi, wewe mwenyewe uliwahi kukaa ndani.

BIBI WA KIKOBA: Nilikaa, na sababu yake itawachekesha. Kikoba chetu kinakutana Alhamisi saa kumi. Anayechelewa analipa faini shilingi mia tano. Magoti yalipoanza, nikawa nafika saa kumi na dakika kumi. Wiki ya kwanza nikalipa. Ya pili nikalipa. Kanuni ni kanuni, tena niliipendekeza mimi, wakati nina miguu. Wiki ya nne nikajiambia, natoka nyumbani nikalipie watu waone ninavyochechemea? Nikaacha. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna hata aliyenisema vibaya.

BABU WA BANDARI: Hapo ndipo penyewe. Watu wanadhani mzee anatengwa kwa kutukanwa. Anatengwa na dakika kumi. Nami nina langu. Pale paliposimama bajaji palikuwa na bao, bao la kete, mashimo 32 na kete 64. Mwenzangu wa kucheza nilikuwa nikikabana naye karibu miaka 20. Akaanza kubadilika. Ukimtania hajibu. Ukimwambia zamu yako, anakutazama. Watu wakasema kaingia kiburi tangu mwanawe ajenge. Akapunguza kuja, kisha akakoma. Miezi sita nimemnunia mtu, kumbe hasikii.

MUUGUZI: Nilimpokea mimi. Sikio moja lilikuwa limejaa nta iliyokauka; nililitia matone ya kulainisha, baadaye likasafishwa, likarudi. La pili lilishakufa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upotevu wa kusikia unaowazuia katika maisha yao. Chukueni baraza ya watu wanane, mhesabu. Na asiyesikia hasemi "sisikii". Anacheka wengine wakicheka, anachoka, anakaa nyumbani.

BABU WA BANDARI: Siku hizi amerudi. Kiti chake tunakiweka kulia kwa wote, ili sikio lake zima litazame baraza. Mtoto akikikalia anaondolewa. Ni hilo tu tulilolifanya, kusogeza kiti.

MUUGUZI: Na kuna jingine ambalo wanaume hapa hawatalisema, nitawasemea. Choo. Mwanamume ambaye tezi dume yake imekua anakwenda haja kila baada ya muda mfupi. Mwanamke aliyezaa watoto saba, akikohoa ana wasiwasi. Mtu huyo hakai saa mbili mahali asipojua choo kiko wapi. Mmewahi kujiuliza kwa nini wazee wengi waliobaki nje wanakaa karibu na msikiti? Ibada ipo, ndiyo. Lakini maji na choo pia vipo.

DEREVA WA BAJAJI: Kweli kabisa. Yule bibi wa nyanya tatu hakubali safari ya zaidi ya nusu saa. Nilidhani anaogopa nauli.

Duru ya tatu: nje kuna nini

MWENDESHAJI: Basi tukijenga vyoo, tukaziba mitaro, tukasogeza viti, upande wa Bibi umeshinda. Mzee atoke.

MUUGUZI: Taratibu. Ninyi watu wa pwani mnazungumzia nje kana kwamba nje ni mahali pamoja. Kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Alama waliyotiwa ni macho mekundu, na macho yale ni moshi, moshi wa miaka 50 ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe. Bibi wa namna hiyo ukimwambia "toka ukae na watu", watu haohao ndio anaowaogopa. Kwake yeye, anayekwenda kumtembelea mchana kweupe, akaonekana anakunywa maji ya mtungini kwake, anamlinda kuliko mlango. Kwa hiyo sitaki Binti ashindwe haraka. Kumfuata mzee alipo kuna mahali pake.

BINTI WA DODOMA: Ahsante, dada. Na kuna suala la pesa ambalo mnalipita pembeni. Mnasema baba aende msibani, aende harusini. Mtu anakwenda mikono mitupu? Zanzibar tangu Aprili 2016 mzee aliyefika miaka 70 anapata pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa; ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Kenya nao tangu 2018 wanawapa wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku Bara pensheni ni ya aliyechangia mfuko. Mkulima, mvuvi, muuza vitumbua, anategemea wanawe. Kwa hiyo msituchekee tunaotuma pesa.

BIBI WA KIKOBA: Hapo umesema. Asiye na cha kutia kwenye kapu la rambirambi huacha kwenda msibani, anasingizia mguu. Nimewaona. Anakaa ndani peke yake anamlilia rafiki yake. Elfu mbili tu, mwanangu. Watu wakisikia pensheni ya mzee wanafikiria unga. Mimi nafikiria ile elfu mbili ya kapu.

BABU WA BANDARI: Pesa naikubali, choo nakikubali, kiti nimekisogeza mwenyewe. Sasa niseme langu, na mwanangu asinione namsuta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miaka 18 tangu nistaafu, nyumbani kwangu mimi ni mgeni wa siku ya kwanza. Chai inaletwa. Maji ya kuoga yanaletwa. Nikishika ufagio nanyang'anywa: "Babu, pumzika." Nipumzike na nini? Jembe siletewi. Kiongozi akija mtaani tunaitwa wazee, tunakalishwa mstari wa mbele, tunapewa soda, tunaulizwa tunaonaje jambo ambalo limeshaamuliwa. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Neno lenyewe hawatuletei.

MWENDESHAJI: Majirani zetu Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 57, kwamba mzee ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kabla hata ya kufika kwenye kutunzwa.

BABU WA BANDARI: Waliopanga hivyo walikuwa na akili. Sasa mwanangu, mwaka jana ulinunua kiwanja Dodoma.

BINTI WA DODOMA: ... Nani kakwambia?

BABU WA BANDARI: Mjomba wako. Alikuja akanipa hongera, nikapokea hongera ya jambo nisilolijua.

BINTI WA DODOMA: Sikutaka kukusumbua, baba. Presha yako unaijua.

BABU WA BANDARI: Miaka 30 nimekaa bandarini nasoma karatasi za watu. Mzigo ulikuwa hautoki mpaka nimeziona. Karatasi yenye kasoro naijua kwa kuishika. Ungenisomea zile za kiwanja kwa simu hiyohiyo ya saa moja. Ningekuuliza, mpaka wake unaishia wapi? Jirani amesaini? Barabara itapita upande gani? Pengine nisingekuambia la maana usilolijua. Lakini siku tatu ningekuwa na la kufikiria, na siku ya nne ningekupigia mimi.

Binti alitazama chini. Bibi akammiminia kahawa, akamsukumia sahani ya kashata bila kusema neno.

Duru ya nne: benchi la bibi

MUUGUZI: Niwape kisa cha Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alikuwa na wagonjwa wengi katika mtaa wa Mbare, Harare, na hakuwa na wauguzi wala chumba. Alichokipata ni bibi 14. Akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo, kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, kufikiri mpaka unazidiwa. Bibi wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Daktari alikuwa ameyaita mabenchi ya afya ya akili. Bibi ndio waliomwambia kwa jina hilo hapati mtu, yaitwe ya urafiki. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi, na hapo ng'ambo yetu Zanzibar.

BIBI WA KIKOBA: Kwa hiyo bibi wale hawakufuatwa wafarijiwe. Walifuatwa wafariji.

MUUGUZI: Ndivyo.

DEREVA WA BAJAJI: Samahani wazee wangu, mimi nina neno na mnivumilie. Mnatulaumu vijana hatukai nanyi. Nikipita pale kijiweni kwenu, salamu haijaisha nimeshaanza kusutwa. Suruali. Nywele. "Vijana wa siku hizi." Mtu nimeamka saa kumi alfajiri, ndiyo nikakae nihukumiwe? Halafu hadithi ni ileile, meli iliyokwama bandarini.

BABU WA BANDARI: Hadithi ile ni nzuri.

DEREVA WA BAJAJI: Nimeisikia mara saba, babu.

BABU WA BANDARI: Basi nakiri. Mzee asiyeletewa jipya anatafuna la zamani. Nawe kiri kwamba hujawahi kuniletea jipya.

DEREVA WA BAJAJI: Nakuletea leo. Bajaji hii ni ya mkataba. Nampelekea tajiri hesabu kila siku, na miezi ikitimia inakuwa yangu. Ndivyo alivyoniambia. Karatasi nilisaini. Yote sijaisoma.

BABU WA BANDARI: Iko wapi?

DEREVA WA BAJAJI: Chini ya kiti.

BABU WA BANDARI: Kailete.

Alikwenda. Babu akatoa miwani kwenye mfuko wa kanzu, akaipangusa kwa ncha ya shati la ndani, na kuanzia hapo katika mjadala wangu nikawa nimempoteza mzungumzaji mmoja. Alikuwa akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mara mbili aliuliza, "Tairi likichakaa nani ananunua? Hapa hapajaandikwa." Simu ya Dereva iliita, abiria anataka kwenda stendi. Dereva akamwambia achukue bajaji nyingine.

MWENDESHAJI: Bibi, umetuachia kisa nusu. Ulirudije kikobani?

BIBI WA KIKOBA: Mwezi ulipopita wakaja wenzangu watatu. Nilidhani wamekuja kunitazama hali, nikawakunjulia mkeka nikajiandaa kupewa pole. Wakasema, "Bibi, tumekuja na jambo. Kikao tunakihamishia hapa kwako. Na ufunguo wa tatu utaushika wewe." Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Mmoja asipokuwapo, pesa haitoki, hata kama ni msiba. Aliyekuwa akiushika alihamia Muheza, wakataka mtu asiyeyumba. Sasa niambieni, hapo mimi nimefuatwa au nimetoka? Sijui. Ninachojua, Alhamisi nikiumwa, watu 25 wanakwama. Na wanaochelewa faini wanatozwa mlangoni pangu. Natoza mimi.

Neno la mwendeshaji

Nilikwenda na swali la miguu: mzee atembee kwenda kwa watu, au watu watembee kwenda kwake? Niliondoka na swali la mikono: mzee ana nini mkononi? Anayeujua mchezo wa bao anakumbuka kwamba mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, na kwamba katika namua, awamu ya kwanza ya mchezo, mradi kete moja imebaki mkononi, zamu yake ina kitu kipya cha kuingiza ubaoni. Tumewanyang'anya wazee wetu kete kwa jina la heshima, kisha tunashangaa hawachezi.

Kwa hiyo hukumu yangu inazigusa pande zote mbili. Binti ana haki kuhusu pesa, na aliyeko mamlakani asikie lile neno la elfu mbili ya kapu. Muuguzi ana haki kuhusu choo na sikio, na hayo hayangoji sera: kila zahanati inaweza kutazama sikio la mzee siku anayokuja kupima presha isiyohitaji kupimwa, na katika kila msiba watu wanaweza kuulizana mapema wazee watajisaidia wapi. Palipo na hofu ya kuuawa, mzee afuatwe, tena afuatwe hadharani. Lakini hayo yote yanamfikisha mlangoni tu. Kinachomkalisha na watu mwaka hadi mwaka ni kuwa na jambo ambalo bila yeye haliendi.

Msomaji, jioni ukimpigia mzee wako, liache kidogo swali la chakula. Muulize mama yako kwa nini maandazi yako yanakauka. Msomee baba yako mkataba wa nyumba unayopanga kabla hujausaini. Mpe shangazi daftari la michango ya ukoo alitunze, na ukitaka kujua nani hajatoa, umpigie yeye. Kisha umsikilize kweli, maana mzee anajua upesi jembe la kweli na jembe la kuchezea.

Binti amesharudi Dodoma. Juzi ameniambia alipiga saa moja usiku kama kawaida, na simu ikapokelewa kwa haraka. Kwa nyuma alisikia sauti za vijana wawili au watatu. Baba yake akamwambia, "Nipigie baadaye, mwanangu. Nina mikataba ya watu hapa."